Wageni Wasiosema wa Bi Pindo

Trr, trr, trr. Kimya. Trr, trr.

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ni sauti ya cherehani ya miguu. Nje bado giza, jogoo hajawika. Katika nyumba hii kuna fundi cherehani mmoja tu, na fundi huyo amelala kitandani, shuka limefika kidevuni, macho wazi. Mikono yake iko kifuani. Miguu yake iko ndani ya blanketi. Na sebuleni, cherehani yake inashona.

Fundi huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Wateja walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna aliyekunja pindo la nguo likanyooka kama lake. Mwanawe, fundi umeme, aliniambia hivi: "Watu walikuwa wanageuza suruali ndani nje, wanatafuta uzi ulipoanzia. Hawauoni. Mama anawaangalia tu, anacheka." Bi Pindo alishona sare za shule maisha yake yote ya utu uzima. Ametutoka akiwa amepita miaka themanini, mchana, kwenye kiti chake cha dirishani. Kiganjani alikuwa na kipande cha kitambaa.

Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wajane wawili, nyumba moja, sufuria moja. Wifi mtu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga nafaka, na mashine ile iliyala masikio yake polepole. Kwanza aliacha kusikia ndege. Kisha sauti za watoto. Wanaume wenye sauti nzito aliwasikia bado, kwa hiyo alisema ni wanawake wa siku hizi wasiojua kuongea. Kila neno lilikuwa "Eti?" Redio aliifungulia mpaka jirani anajua habari zote bila kununua redio.

"Wifi, punguza hiyo redio!"

"Nimekula tayari!"

Walicheka. Wasikilizaji wapendwa, na sisi tungecheka. Lakini hizo zilikuwa dalili.

Za Bi Pindo zilikuja kwa kazi yake. Siku moja aliona futi yake ya utepe imepinda katikati. Akainyoosha mezani. Ikapinda tena. Akanunua mpya, nayo ikapinda. Akaona fremu ya mlango imetokeza tumbo kama mtu aliyeshiba. Akamwita seremala, na seremala akapima, akapima tena, akasema, "Mama, mlango huu umenyooka kuliko mimi." Bi Pindo alimpa maji ya kunywa, akamwona hajui kazi.

Sasa sikilizeni kosa ambalo fundi peke yake angeweza kulifanya. Alitazama pindo alilolishona na kuliona limepinda. Akalifumua. Akalishona upya mpaka macho yake yakaliona limenyooka. Kumbe la kwanza ndilo lililonyooka, na hili la pili limekwenda kombo. Hivyo hivyo, nguo baada ya nguo. Alifumua mazuri akashona mabaya, kwa bidii yote.

Mlinzi wa lango la shule alipewa suruali yenye mguu uliopanda na kushuka kama kilima. Aliivaa. Alipoulizwa na wenzake, alijibu, "Imenikaa vizuri, nyinyi inawahusu nini?" Mlinzi huyo yupo hai, na leo nataka nimshukuru hewani.

Wifi mtu aliiona suruali ile. Hakusema neno. Kesho yake aliamka kabla ya alfajiri, akafumua kazi za wifi yake na kuzirudia. Kila alfajiri akafanya hivyo. Alikanyaga taratibu, na kwa kuwa yeye hasikii, aliamini na cherehani haisikiki. Na chumbani, Bi Pindo alilala macho wazi akisikia cherehani yake inashona. Mwanzoni aliogopa. Kisha akasikia kikohozi anachokijua. Akatambua. Akafunika uso kwa shuka, naye hakusema neno.

Halafu wakaja wageni.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa kike, amesimama ukutani karibu na pasi. Sare ya kijani, soksi nyeupe. Hakusema kitu. Bi Pindo alimsalimu, hakuitika. Alipopepesa macho, hayupo. Kesho yake walikuwa watano. Wengine wamevaa kofia ambazo Bi Pindo hajapata kuziona popote. Mmoja alisimama mbali na wenzake, amegeuka ukutani, na hakugeuza uso wake siku yoyote. Walikuja jioni mwanga ukififia, au yeye akikaa peke yake kimya. Hawakula, hawakugusa kitu, hawakutoa sauti hata ya nyayo.

Bi Pindo alimficha kila mtu jambo hilo, isipokuwa wifi yake. Na siku aliyomwambia, alikuta na mwenzake ana lake.

"Wifi, mimi nasikia wanaimba," alisema wifi mtu. "Wengi. Ubeti mmoja, ukiisha unaanza tena. Nikiziba masikio ndio wanazidi."

"Wangu wamesimama tu."

"Wanafungua midomo?"

"Hapana."

"Basi si wao," alisema wifi mtu, na akawaza kidogo. "Wako hawaimbi, wangu hawaonekani. Tukiwaunganisha tunapata harusi nzima."

Walicheka mpaka machozi. Lakini mwenzangu, walicheka mlango ukiwa umefungwa. Waliogopa jambo moja. Waliogopa kuambiwa wamerukwa na akili na kutenganishwa. Uzeeni, kutenganishwa na mtu anayekijua kikohozi chako ni jambo zito.

Siri ilitoka jioni moja mwanawe alipokuja na mkewe kumsalimia mama. Kijana alikaa kwenye kochi, akasimulia ya kazini. Alipotaka kuinuka, Bi Pindo alinyoosha mkono.

"Polepole, mwanangu. Utamwangusha mtoto."

"Mtoto gani, mama?"

Bi Pindo akarudisha mkono. Maji yamekwisha mwagika.

"Mama. Mtoto gani?"

"Huyo magotini pako."

Yule kijana aliniambia kwa mdomo wake: "Bibi, mimi nashika nyaya za umeme kila siku. Siku hiyo sikuweza kushusha macho nitazame magoti yangu mwenyewe." Na shangazi yake, aliyeona midomo ikicheza lakini hakusikia vizuri, akauliza kwa sauti ya juu, "Nao wameanza kuimba?"

Kijana alipopata pumzi alitoa uamuzi. Nyumba hii ina kitu. Mama anahamia kwake kesho. Shangazi atapelekwa kwa binti yake, mji mwingine. Cherehani itauzwa. Bi Pindo alishika ukingo wa meza ya cherehani tu, kwa mikono miwili.

Hapo mkwewe akasogeza kigoda, akakaa miguuni pake. Hakucheka, hakukimbia. Aliuliza, "Wamevaaje, mama?"

Bi Pindo akamtazama kwa pembeni ya jicho, kama alivyozoea kutazama siku zile. "Mwanangu, hilo ndilo linalonisumbua. Uso wako siuoni, katikati yako kuna doa kama la wino. Uzi kwenye sindano siuoni. Lakini mtoto yule pale ukutani, naona kila tundu la mshono wa pindo lake. Jicho linaloshindwa kukuona wewe uliye karibu, linamwonaje yeye aliye mbali? Mimi nadhani hawajaja wao. Nadhani ni macho yangu ndiyo yanayoondoka."

"Basi tuanzie kwenye macho," alisema mkwe. "Kuhama kusubiri."

Daktari wa macho alimwonyesha karatasi yenye mistari ya miraba, akamwambia afunike jicho moja na atazame nukta ya katikati. Bi Pindo akasema mistari imejikunja, kama kitambaa kilichovutwa uzi. Daktari akatikisa kichwa taratibu. Alisema ugonjwa wake hula sehemu ya katikati ya uono, ile tunayosomea na kushonea. Jicho la kulia lilikuwa limechelewa. La kushoto liliwahiwa, akatibiwa, likabaki na mwanga wa kutosha kutambua watu wake.

Na wale watoto? Daktari hakushangaa. Alisema jicho likinyimwa picha, ubongo hujichorea zake. Sikio likinyimwa sauti, ubongo hujitungia zake. Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu kuna mzee nyumbani kwako anayeficha jambo hili: huo si wazimu. Si mapepo. Lakini mtu asijipe jibu mwenyewe, aende apimwe, kwa kuwa kuona na kusikia yasiyokuwepo kuna sababu nyingi.

Bi Pindo aliposikia hayo alipumua, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe ni kweli."

Wifi mtu naye alitolewa nta iliyoziba masikio, akapewa kifaa cha kusikia. Siku ya kwanza aligombana na ndala zake mwenyewe kwa kelele. Siku ya pili alikanyaga cherehani, akashtuka, akaiacha.

"Wifi! Kumbe inapiga kelele hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Kwa hiyo alfajiri zote zile ulikuwa unanisikia?"

"Zote."

"Na hukusema!"

"Wewe je, ulisema?"

Hawakutenganishwa. Cherehani haikuuzwa. Wageni walipungua, wakawa wanakuja mmoja mmoja, na Bi Pindo alizoea kuwaambia, "Kaeni, msiogope." Alikaa dirishani akipapasa pindo kwa kidole, na wifi yake akashona. Hivyo mpaka mchana ule.

Wasikilizaji wapendwa, wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Leo, hapo ulipo, funika jicho moja utazame fremu ya mlango. Kisha la pili. Ikipinda, usimwite seremala. Taa zikiwa na miale na rangi zikififia, mboni ikawa na weupe kama maziwa, huenda ni mtoto wa jicho, na huyo hutolewa. Ukianza kugonga mabega mlangoni, au kutoona mtu wa pembeni, kapimwe upesi, maana huenda ni presha ya macho, na ugonjwa huo huiba bila maumivu. Na jicho jekundu linalouma huku uono unapungua, au sikio lililoziba ghafla, hayo si ya kungoja kesho. Sikio linalotoa usaha usilitie mafuta wala majani. Na mzee akisema "Eti?" mara ya tatu, usimcheke. Sogea karibu naye, umtazame usoni, useme tena.

Kwa mtoto wa marehemu, kwa mkwe aliyesogeza kigoda, na kwa wifi mtu, poleni sana. Bi Pindo alale pema.

Nimalizie kwa hili. Baada ya mazishi wifi mtu aliniomba nifike kwake kabla hakujapambazuka. Nilifika. Alikuwa amekaa sebuleni, kifaa cha sikio amekiweka mezani. Cherehani imefunikwa shuka jeupe. Akaniinulia kidole: tulia.

Mimi sikusikia kitu. Nasema kweli, sikusikia kitu. Nilipeleka mkono chini ya shuka nikagusa gurudumu. Lilikuwa baridi na limetulia.

"Najua," alinong'ona. "Daktari alishaniambia, ni sikio langu. Lakini sikiliza anavyokanyaga. Taratibu, kama mimi nilivyokuwa namfichia." Akafumba macho. Tukakaa. Dirisha likaanza kuwa jeupe. "Amefika mwisho wa pindo. Sasa anakata uzi."

Kisha akakigeukia kile kiti kitupu cha dirishani, akasema kwa sauti ndogo, ya mtu anayemsindikiza mgeni mlangoni:

"Asante, wifi. Na kesho uje tena."