Kura ya Mama Kavira wa Beni

Nauza kahawa La Rochelle, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, mbele ya duka la simu lililofungwa, na benchi langu halijawahi kukosa wabishi. Ilikuwa Jumamosi, Januari 2019, jua limetuchosha kabla ya saa nne. Fiacre, Mrundi mwenzangu, ni mlinzi wa ghala kule Jeppestown. Tunamwita Profesa kwa sababu anasoma chuo kwa posta, na Jumatatu alikuwa na mtihani wa historia. Mselem wa Tanga, anayeuza chaja pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, ndiye Redio. Ruphin, fundi cherehani kutoka Beni, Kongo, ni Senata kwa wingi wa maneno. Wiki hiyo hakuwa nayo.

— Sikilizeni, Fiacre akasema. Vermont, Marekani, mwaka 1813. Watu wanachagua gavana. Aliyeongoza hakufikisha nusu ya kura, kwa hiyo wabunge wakaamua. Wakampa wa pili.

— Kwa kura ngapi? Mselem akauliza.

— Alimzidi mwenzake kwa moja tu.

— Eish! Haba na haba hujaza kibaba. Huyo mmoja alinunuliwa.

— Kitabu hakisemi hivyo.

— Au mbunge wa upande wa pili alifungiwa chooni.

— Choo cha 1813 kina kufuli?

— Kufuli liliagizwa Uingereza!

— Walikuwa vitani na Waingereza, Mselem.

— Hapo sasa! Vita vya kuuziana makufuli.

Hakuna aliyecheka. Nikamimina kahawa. Fiacre akafunua ukurasa.

— Halafu kuna mji mmoja, kura zake zilitupwa. Walisema wanajeshi walipiga kura pale isivyo halali.

Ruphin akainua kichwa.

— Watu wa ule mji walifanya nini?

— Kitabu hakikuandika.

— Tafuta, Profesa.

— Nimetafuta, kaka.

Ndipo Ruphin akasema lililomkaa rohoni. Beni waliambiwa wangoje hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na waasi. Rais mpya ameapishwa juzi bila wao. Lakini siku ile ya uchaguzi watu wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, kwa karatasi zao na masanduku yao, ili dunia ione.

— Mama alisimama kwenye foleni toka asubuhi. Ana miaka sabini na nne. Hajui kama ile haikuwa ya serikali. Nani amwambie?

— Asiyekuwepo na lake halipo, Mselem akasema polepole.

— Alikuwepo, Mselem. Ndiyo shida.

Simu ya Ruphin ikaita. Alikuwa mama mwenyewe, Mama Kavira. Simu ile husikika kwa spika tu, kwa hiyo sote tukamsikia.

— Ruphin, mwanangu. Hapa wanasema tuko na prezida mupya.

— Ndiyo, mama.

— Nauliza tu. Ile kura yangu, waliiweka wapi?

Ruphin akamtazama Fiacre. Fiacre akatazama kitabu.

— Mama, Ruphin akasema, hawakuihesabu.

Kuku akalia huko Beni.

— Basi, mu Machi nitasimama tena. Lakini mguu umevimba tangu ile siku. Unitafutie dawa.

Kura ya Machi ni ya wabunge tu, urais umekwisha. Hilo Ruphin hakumwambia.

— Sawa, mama.

Akakata simu, akaniuliza:

— Dada Pascasie, duka la dawa Jumamosi linafunga saa ngapi?