Mwandikeni Huyu, Msiandike Gari

Assalamu alaikum. Mliokaa kule nyuma karibu na magunia mkinong'onezana, malizeni kwanza, nitasubiri. Mmemaliza? Haya. Mwenyekiti ameniomba nisimame mbele yenu, madereva, matingo na wanachama wa ushirika wetu, kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, niwaeleze jinsi leseni yangu ilivyoniponyoka na jinsi nilivyoirudisha. Nimekubali, lakini sikuja kuwafurahisha. Wengi wenu mlinicheka mwaka ule, na sijasahau kicheko cha hata mmoja. Majina sitayataja. Mnajijua.

Nilikuwa naendesha lori la tajiri mmoja wa Mtwara mjini. Gari langu mwenyewe sijawahi kuwa nalo, hata baiskeli yenye breki sijawahi. Kazi ilikuwa kubeba korosho kutoka Kitaya na vijiji vya kule mtoni. Na kama ninyi mnavyofanya mpaka leo, msitazame chini, nilikuwa nikipakia watu juu ya magunia. Tajiri hakujua. Abiria walinishukuru, nami nikajiona mtu mwema sana.

Siku moja nilipakia watu tisa. Pale barabara inapoteremka kwenye mchanga nilikuwa nageuza shingo kumtania utingo wangu, na lori likaenda linakotaka, likalala ubavu. Wanane waliinuka wakajipangusa vumbi. Wa tisa hakuinuka. Alikuwa mama mmoja mjane, aliyevuka Ruvuma na watoto wake akikimbia vita vya ng'ambo. Alivuka na miguu yake yote miwili mizima. Vita havikumvunja. Nilimvunja mimi.

Bima ya lori haikumlipa kitu, kwa sababu lori lilikatiwa bima ya kubeba mzigo, na yeye hakuwa mzigo. Hakimu akanifungia leseni mwaka mzima. Akaongeza neno nililoliona dogo: mwaka ukiisha sitarudishiwa leseni mpaka nilete cheti cha bima chenye jina langu mwenyewe, cha kuwafidia watu nitakaowaumiza. Nikaitikia, "Ndiyo, mheshimiwa." Sikujua nimeitikia nini.

Nilipokwenda Kitaya kumwomba radhi yule mama, hakunikaribisha kiti. Alikuwa amekaa barazani, mguu umefungwa vibao. Nikamwambia, "Shikamoo mama, nimekuja kuomba msamaha." Hakuitikia. Alinyoosha kidole kwenye jembe lililoegemea ukuta.

"Mguu wangu ulikuwa unalima," akasema. "Sasa utalima wewe."

Ndugu zangu, nililima. Mwaka mzima nilikwenda kumlimia shamba lake la muhogo, naye alikaa kwenye kigoda ananitazama kama askari jela. Asante sikuipata. Nilipopalilia vizuri alinyamaza, nilipokata mche aliniita mwizi wa chakula cha watoto. Nilimchukia, na sioni haya kuwaambia. Yeye naye alinichukia, ila yeye alikuwa na sababu.

Mwaka ulipokaribia kuisha, ushirika wetu hapa Nanyamba ukapata lori. Mkaniahidi kazi nikileta leseni kabla ya msimu, na msimu ukinikuta sina, mtampa mwingine. Nikaenda mjini mbio. Ofisi ya leseni wakaniambia, "Lete bima." Nikaenda ofisi ya bima, karani akaniambia, "Lete kadi ya gari." Nikamwambia sina gari, mimi naendesha magari ya watu. Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Bima hufuata gari, bwana. Sasa wewe unataka nikate bima ya nini? Ya suruali yako?"

Nikarudi kwenu. Nikamwomba katibu wa wakati ule aniandike kwenye bima ya lori la ushirika. Akasema ushirika hauandiki mtu asiye na leseni. Haya, leseni inataka bima, bima inataka gari, na gari linataka leseni. Mlikuwa mmekaa hapahapa nilipomweleza hivyo, na mlicheka ninyi pia.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu mkubwa zaidi. Nina mtani wangu, ana gari dogo la mizigo, kuukuu. Siku ya mazishi ya mjomba wangu alikuja nalo, na mimi, kama desturi yetu watani, nikaingia nikakaa kwenye usukani nikatangaza kwamba gari limekuwa langu. Akajibu kwa sauti mbele ya waombolezaji wote: "Lichukue, mtani! Na matairi yake mabovu, na deni la petroli! Mashahidi mpo?" Watu wakaitikia, "Tupo!" Hata wafiwa walicheka.

Basi mimi nikalala na neno lile, nikaamka nalo. Nimepewa gari mbele ya mashahidi! Mtani akichukua kuku wa mtani wake nani amshtaki? Nikaenda kwake nikaichukua kadi ya gari huku nikicheka, na mkewe akacheka pia akidhani nitairudisha jioni. Nikaipeleka kwa karani wa bima. Yeye si mtu wa huku, amehamishwa kutoka mbali, na utani wetu haujui. Nikamwambia nimepewa gari na ndugu, mashahidi ninao. Akaandika. Nikatoka na cheti kina jina langu, nikakipeleka ofisi ya leseni kifua mbele.

Bwana wa leseni alikuwa mtu wa hukuhuku. Aliweka kadi na cheti pamoja akatazama majina mawili. Nikamweleza habari ya mazishi. Hakucheka. Akatuma mtu Ufukoni, anakokaa mtani wangu, amwite.

Mtani alipofika alinigeukia. "Kuku ungechukua," akasema. "Hata mbuzi ningekuachia, tungecheka. Lakini umekwenda na mzaha wa matanga kwenye karatasi ya serikali? Mimi ningegonga mtu kesho, ungelipa wewe? Wewe ungegonga, ningefungwa mimi?"

Aliulizwa kama anashtaki. Akasema hapana, mtani hamshtaki mtani. Cheti kikachanwa mbele yangu. Mtani akatoka, na pale nje alisema neno moja tu: "Umeniaibisha." Tangu siku hiyo hanitanii. Ananisalimia kwa adabu kama mgeni, na hiyo adabu inaniuma kuliko matusi.

Habari ilifika hapa kabla yangu. Mlinipa jina, nalo sitalirudia, wengine bado mnaniita hilohilo.

Nikarudi shambani Kitaya, sina pa kwenda pengine. Nililima kwa hasira, nikakata miche mitatu. Yule mama akapiga kelele. Na mimi nikatupa jembe, nikammwagia yote, bima, kadi, mtani, kicheko cha karani. Nikamwambia, "Sitapata leseni tena, nitakulimia mpaka nife, furahi!"

Akalitazama jembe nililolitupa. Kisha akauliza, "Hiyo bima ni ya nini?"

Nikamwambia ni fedha ya kumtibu mtu utakayemuumiza.

"Kwa hiyo ingekuwepo, ningetibiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa hawataki kukuandika wewe, wanataka kuandika gari?"

"Ndiyo."

Alichukua mkongojo wake. "Kesho twende," akasema. "Unalima vibaya hata hivyo."

Tulikwenda kwa basi. Kila basi lilipoteremka kilima alifumba macho akashika kiti cha mbele. Niliona mikono yake. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mwaka mzima nilikuwa nimetazama mguu wake nikiona adhabu yangu. Siku ile ndiyo mara ya kwanza niliona woga wake.

Alisimama mbele ya dirisha la yule karani, hakukubali kukaa. Karani akaniona akaanza kucheka. "Umekuja na kadi ya nani leo?"

Mama akagonga sakafu kwa mkongojo. "Mtazame huyu. Huyu alinivunja mguu. Mwandikeni huyu."

"Mama, bima hufuata gari."

"Gari liko wapi? Limeuzwa chuma chakavu. Mguu wangu bado nauburura. Gari lilikuwa na bima na mimi sikupata hata bendeji. Sasa huyu anataka kurudi barabarani. Leo atapanda gari la huyu, kesho la yule. Nangu, mimi, siogopi gari, namwogopa yeye. Mwandikeni yeye!"

Karani akajaribu kusema juu ya utaratibu. Mama akasema hatoki. Watu wakajaa mlangoni. Mwisho akatoka mkubwa wao chumba cha ndani, mzee mwenye mvi, akauliza kulikoni, akasikiliza mpaka mwisho. Akafungua kabati. Akapekua, akatoa karatasi iliyogeuka manjano kwa kukaa, akaipuliza vumbi.

"Ipo," akasema. "Ya dereva asiye na gari, anayeendesha magari ya wengine kwa ruhusa yao. Gari lenyewe hailifidii. Inawafidia watu anaowaumiza, wanaopita njia na aliowapakia."

Nikauliza kwa nini sikuambiwa.

"Hakuna aliyewahi kuiomba," akajibu.

Nani angeiomba, ndugu zangu, wakati hakuna aliyeambiwa ipo? Ilikuwa kabatini! Mimi nimepoteza mtani wangu kwa kitu kilichokuwa kabatini, hatua tatu nyuma ya karani anayenicheka. Hasira hiyo sijaimaliza, na sitawadanganya kwamba nimeimaliza kwa sababu tu tumekaa katika mkutano.

Nikaandikwa. Nikapata leseni siku chache kabla ya msimu, na lori la ushirika nikalichukua mimi. Tulipotoka pale ofisini nilimwambia yule mama, "Mama, asante. Umenisamehe."

Akasimama akanigeukia. "Nani kasema? Nangu sijakusamehe. Nimekuja kwa ajili ya huyo wa pili utakayemvunja."

Basi nitoe shukrani zangu. Namshukuru mzee wa kabati. Namshukuru mtani wangu, ambaye angeweza kunifunga akakataa, na kama yumo humu ndani namwomba anitukane hata mara moja. Ninyi wengine sina cha kuwashukuru, ila somo nitawapa: mnadhani bima ni kinga yenu, mnaibandika kwenye kioo kama hirizi. Si yenu. Ni ya mtu ambaye bado hamjamgonga, na yeye hajui kama mnamfuata. Mimi sipakii tena mtu juu ya magunia, hata awe mama yangu mzazi.

Na yule mama, kila mwaka cheti kinapokaribia kuisha, huja mpaka mlangoni kwangu na mkongojo wake. Hasalimii. Hunyoosha mkono tu. Kusoma hajui, lakini muhuri anaujua, huutazama kwanza, kisha hunirudishia akaenda zake.

Leo amekuja hapa. Amekaa pale mbele, mnamwona, na mkono ameshaunyoosha tangu nilipoanza kusema.

Mama, hiki hapa. Ni kipya. Tazama muhuri.