Nimerudia, basomaji yangu bapendwa

Mbele nikuambie, apa. Weka mukono ku kifua, sema: hii mambo itazikwa na miye. Umeapa? Muzuri. Na mwenye kuniambia mi aliniapisha vile vile, ona sasa. Ni mambo ya Kambo Victorine, ule bibi wa mutaa wa Kampemba mwenye kuikalaka kila siku ya Mungu, kisha misa, pa kona ya Céline muuza-kawa, mu tabure, kiti kidogo cha karibu na babula ya makala. Miaka mbili nyuma, mujukuu wake Keren alimufungulia blog mu telefone: Kambo anasema, telefone inaandika, na juu macho yake ni ya zamani, kila kitu kinaingia, telefone inamusomea kwa nguvu. Kambo akaahidi dunia habari kila wiki. Aliandika mara mbili, akachoka. Sasa juzi akarudia, akamwaga siri ya kona yote bila kutia jina yake. Na kona iko na sheria moja tu: mwenye kupeleka mambo ya hapa inje, anapoteza kiti. Bila ile tabure, Kambo ataishi na nini?

— Sikieni, akasema Paluku, mufanya-biashara wa Butembo mwenye camion mbili ya mizigo, banamuita Tajiri. Ye njo alikuwa anasoma ile blog mu telefone yake, bote bamekaa pa kona, Kambo naye. «Nimerudia, basomaji yangu bapendwa. Musikasirike. Nilinyamaza juu ya mawazo mingi.»

— Mawazo miaka mbili! akacheka Anaclet, muzee wa shemandefere, banamuita Mashinisti, eti ye njo muendesha-treni. Njo vile wazee balisema: haraka haraka haina baraka.

— Ngoja. «Paluku anasemaka alivuka Luapula pa Kasenga mu zoruba kali. Uongo. Alitapika, na mutumbwi ilikuwa ingali imefungwa ku muti.»

— Na ulitapika?

— Haina pale tuko, Mashinisti! Ya kwako hii: «Anaclet hakuendeshaka treni hata siku moja. Alikuwaka anapiga kengele.»

— Bila kengele, treni inaenda wapi?

— Na mi je? Céline akashika kiuno. Eti kawa yangu iko nusu mahindi ya kukaanga! Nani aliona mahindi?

Bote bakachungulia mu kopo.

Kambo akameza kawa yake mbio, karibu aungue.

— Mi maandiko madogo siyaone, bana yangu. Lakini... anaandika muzuri, ao?

— Muzuri? Paluku akasonya. Anaandika kama mbuzi mwenye kuangukia mu masahani. Na basomaji gani? Angalia hapa chini, banahesabu: bane!

— Bane nani?

— Shiye batatu. Na ye mwenyewe.

Ile ikamuuma Kambo kupita woga wote. Ye alikuwa amejiwazia basomaji mpaka Bruxelles.

— Mwandikaji ni ba douane, bale ba ushuru ya mupaka wa Kasumbalesa, Paluku akasema. Camion yangu ililala kule siku tisa. Balifichamo kamashini ka kusikia.

— Kasumbalesa itajua namna gani ulitapika Kasenga? Anaclet akainua kidole. Wazee balisema: kenye kukuuma kiko mu nguo yako. Basi ni tailleur, mushona-nguo!

— Mi najua, Céline akasema pole pole. Hii blog ilinyamaza miaka mbili. Kiki, mwenye kuikalaka pale pa mwisho, alikufa lini?

— Miaka mbili.

— Na hapa banaandika nini? «Nimerudia.»

Kambo akajifanyia alama ya musalaba, mbio sana.

— Ni Kiki! Kabisa! Marehemu alipendaka masengenyo. Tumuombee, tuache hii mambo.

Pale njo Aristote alifika, mupangaji mupya wa pembeni, alikuwa anatafuta tu kopo ya kawa. Akasikiliza, akakuna kichwa.

— Samahani, bazazi. Ye mwenyewe mwandikaji, mulimuuliza?

Tajiri akaangalia Mashinisti. Mashinisti akaangalia babula.

— Chini ya maandiko kwiko nafasi ya kujibu, Aristote akasema. Lete telefone, Tajiri. Akaandika na kidole kimoja, akatuma.

— Nouveau commentaire! ikalia sauti ya mwanamuke wa kizungu mu kifua ya Kambo, chini ya kitenge, kusema jibu mupya imeingia, kisha ikasoma: Weye mwandikaji, uko wapi sasa?

Kambo akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu.

— Nouveau commentaire! telefone ikarudilia. Weye mwandikaji, uko wapi sasa?

Hakujuaka kama ile sauti itamufanyia vile. Angejuaka wapi? Tangu blog ifunguliwe, hakuna muntu alishamujibu.

Anaclet akashika shati yake mwenyewe, kama anatafuta kenye kumuuma. Céline akainama, akakamata tabure ya Kambo muguu moja, tayari kuiondosha. Kambo akasimama, akaingiza mukono mu kitenge, akatosha telefone pole pole, kama vile banatoshaka mutoto mwenye kulala. Macho ilimujaa maji.

— Aristote, mutoto yangu, akasema, uko wa kwanza kunijibu. Andika tena kidogo, bote basikie.