Fundi Fungua na Mlima Uliomshinda Mara Mbili

Kaka yetu marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Fungua na wengine hamkuwahi kumjua kwa jina jingine, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga nafaka ambayo baba yetu alikuwa akiiendesha. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakulia mashine ilipowashwa, alilia ilipozimwa. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba, sikuwepo, lakini sijapata sababu ya kumbishia mama.

Jina la Fungua alilipata utotoni. Neno lake kubwa lilikuwa "fungua tuone", na alilisema mbele ya chochote chenye kifuniko. Siku moja alilifungua kufuli la mlango wetu wa mbele ili ajue kwa nini ufunguo wa jirani haufungui kwetu. Alipolirudisha, springi moja ikabaki mkononi. Siku hiyo tulilala mlango umezuiwa kwa gunia la mahindi, na baba amelala nyuma ya gunia huku akitishia kumcharaza mtu. Kulipokucha, mama aliwakuta baba na mwanawe wamechuchumaa pamoja, wanaigeuzageuza ile springi, na kiboko kimesahaulika ukutani.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari kuanzia mwaka 1960 hadi 1971. Karibu kila ripoti aliyoleta nyumbani iliandikwa kwamba "anauliza sana". Walimu pengine walikuwa wanalalamika, lakini mama alizipokea kama sifa na kuzisoma kwa sauti wageni wakija. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1974 na cheti cha mitambo ya magari.

Aliajiriwa katika karakana ya mabasi mwaka 1975. Mwaka 1989 alifungua gereji yake nyuma ya kituo cha mafuta, chini ya bati lililotoboka pembeni, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2014. Wateja wake mliopo hapa mnajua mlivyoteseka. Gari likishapona, mwenyewe hakuruhusiwa kuondoka mpaka akishike kwa mkono kile kifaa kilichoharibika. "Shika," alikuwa akisema. "Umeona hapa? Hapa ndipo ilipoanza." Uwe umevaa suti, uwe unawahi mkutano, utashika tu, na grisi yako utakwenda nayo. Kuna watu walimkimbia kwa ajili hiyo, kisha wakarudi wenyewe kwa miguu yao.

Sasa nije kwenye ndoa, na nikifika kwenye ndoa sina budi kulitaja gari. Mwaka 1980 daktari mmoja wa meno aliyekuwa anastaafu alimpa kaka gari dogo jekundu la mbio, la viti viwili, toleo la mwaka 1962. Lilikuwa limekufa uani na kuku walikuwa wanatagia ndani yake. Kaka alilifufua, akalipaka rangi, na alipofunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982 hakutaka kusikia la mtu: bibi harusi angepanda gari hilo. Ukumbi wa sherehe ulikuwa juu ya mlima huu huu tuliopo, ng'ambo ya ukuta wa makaburi. Wote mmeuona ulivyosimama. Gari lilifika katikati, likakohoa, likagoma. Wifi yangu alishuka, akavua viatu, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akasukuma.

Alipofika juu, shela limemkaa upande, alimwambia mumewe mbele yetu sote: "Mimi gari hili nimeliaga. Nitalipanda tena siku litakayonifikisha hapa nikiwa nimekaa."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Hatukujua kwamba wifi hakuwa anatania. Kaka alikuwa na pikapu iliyopanda mlima ule na mizigo juu, na wifi aliipanda bila maneno. Lakini lile jekundu hakuligusa hata kufuta vumbi, na kaka naye hakulisahau neno lile. Kila aliponitembelea alikuwa na swali lile lile: "Mdogo wangu, nguvu ya ile injini inapotelea wapi?" Utafikiri mimi ndiye niliyeificha.

Alipostaafu aliishusha injini yote na kuihamishia nyumbani, kipande kwa kipande. Mimi mambo haya siyajui, nasema nilivyofundishwa. Alisema injini ni sawa na mtu: ukitaka akimbie, mwachie nafasi ya kupumua. Kwa hiyo silinda zilipelekwa kwa wachonga vyuma zikatanuliwa, zikaingia pistoni kubwa zaidi. Kichwa cha injini kilikwanguliwa kidogo ili petroli na hewa vibanwe sawasawa kabla ya kuwaka. Njia za kupitishia hewa alizisugua mwenyewe, amekaa kibarazani, mpaka ukapitisha kidole usisikie kikwaruzo. Palipokuwa na kabureta moja akaweka mbili. Wifi alipokea wageni valvu, zile za kuingizia hewa na za kutolea moshi, zikiwa zimeanikwa kati ya vikombe, na mgeni mmoja alikorogea chai yake kitu ambacho si kijiko. Nilipomuuliza wifi anavumiliaje, alisema, "Wanaume wengine wanatoka jioni. Wangu anasugua chuma kwa ajili yangu. Niache."

Tarehe 9 Aprili 2016 injini iliwashwa. Madirisha ya jirani yalitikisika, na mbwa wa mtaa mzima waliingia mitini. Kaka, ndani ya shati jeupe, alimfungulia mkewe mlango, na wifi akaingia na mkoba wake mapajani, ameketi wima. Sisi wengine tulifuata na pikapu. Chini ya mlima gari lilichomoka tukaachwa na moshi. Pale lilipofia mwaka wa harusi lilipita, na nikapiga kelele peke yangu. Kisha mngurumo ukapanda, ukapanda zaidi, lakini gari likawa linapunguza mwendo. Ikatoka harufu ya kitu kinachoungua. Likasimama, halafu taratibu likaanza kurudi nyuma.

Ilikuwa klachi. Kaka yangu alikuwa ameshughulikia kila kitu kinachotengeneza nguvu, akakisahau kile kinachoishika na kuipeleka kwenye magurudumu. Klachi ilikuwa ile ile ya zamani, imewekwa kwa injini ile dhaifu, na mbele ya nguvu mpya haikufua dafu. Ilikuwa inateleza tu. Fundi wa miaka yote hiyo! Mwingine angeshika tama. Yeye alilala chini ya gari na lile shati jeupe, na tulichosikia kutoka huko chini ni sauti yenye furaha kabisa: "Ahaa! Kumbe nguvu ipo!"

Wifi alikuwa ameshashuka, amekaa juu ya jiwe. "Tumesogea," alisema. "Mara ya kwanza hata hapa hatukufika." Na safari hii pia alimalizia mlima kwa miguu.

Klachi ya kubeba nguvu ile kwa gari la umri ule haipatikani dukani. Kaka aliitafuta kwa miaka kadhaa, akapata sahani ya klachi ya gari jingine, akaanza kuichonga ikae. Kazi ikiwa katikati, mwaka 2022, akaanza kuishiwa pumzi ngazini. Daktari wa moyo alimweleza kwamba valvu moja ya moyo wake haifungi vizuri na damu inarudi nyuma. Binti yake mkubwa aliyempeleka anasema mzee alisogeza kiti karibu, macho yameng'aa. "Ipi, ya kuingizia au ya kutolea?" Aliomba aoneshwe kwenye skrini, akaitazama ikipepea, akamwuliza daktari maswali mpaka foleni ya nje ikaanza kunung'unika. Mwishoni akasema alichokuwa akisema maisha yake yote: "Basi fungua tuone." Daktari alimjibu kwa upole kwamba kwa hali ya mapafu yake, akifunguliwa hatatoka mezani. Kaka aliitazama tena ile skrini. Kisha akasema, "Sawa. Ila umenionesha. Asante." Niliposimuliwa hayo nililia, na sasa hivi nataka kulia tena.

Kitanda chake kilisogezwa dirishani ili alione gari. Binti yake mkubwa, ambaye ni fundi wa majokofu na hajawahi kugusa gari kwa kulipwa, alichukua likizo akaimalizia klachi, huku baba yake akimwelekeza kwa kunyoosha kidole kupitia dirishani na kufoka pale anapokosea. Siku alipomaliza aliingia chumbani na ile sahani ya zamani, nyeusi kwa kuungua, akamwekea mkononi.

"Shika, baba."

Aliipapasa muda mrefu, akasimamisha kidole gumba pembeni. "Hapa," alisema. "Hapa ndipo ilipoanza." Halafu akatupa agizo moja tu, na hilo tulilishika: mtu yeyote asilijaribu gari mlimani bila mkewe kuwemo ndani. Wifi alikuwepo, akamwambia, "Pona kwanza, twende wote." Hawakwenda. Kaka yetu alifariki nyumbani asubuhi ya Jumamosi tarehe 5 Agosti 2023, mkewe akiwa ameushika mkono wake.

Kwenye karatasi zenu za wasifu hapa pana nafasi tupu. Zilichapishwa juzi, kabla gari halijajaribiwa mlimani, nami sikutaka kuja kusema uongo makaburini. Haya ninayosoma nimeyaandika kwa kalamu sasa hivi, nimeegemea lile gari, na boneti bado ni la moto.

Wifi yangu amepanda. Binti yake mkubwa ndiye aliyeendesha, nami nilifuata nyuma na pikapu, roho mkononi. Pale kwenye jiwe binti aliogopa, akalegeza mguu, na anasema mama yake hakumtazama hata usoni, alisema tu: "Kanyaga." Akakanyaga. Gari limefika mpaka getini bila kukohoa. Nimemfungulia wifi mlango nikamwambia, "Haya, shuka, watu wanasubiri." Akanijibu, "Niache, wifi. Amenihangaikia miaka yote hiyo nifike hapa nimekaa. Nikae kidogo."

Marehemu ameacha mke, ambaye nilipokuwa namaliza kuandika mistari hii alikuwa bado garini, mkoba mapajani. Ameacha mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, wakwe watatu, wajukuu watano, kaka yake mkubwa, dada wawili nikiwemo mimi, na wateja ambao grisi yake haijawatoka.

Apumzike sasa kwa amani, kwa kuwa mlima umepandwa. Na kama huko aliko kipo kitu kilichofungwa, nawaomba wamfungulie mapema aone, la sivyo hatapumzika.