Pikipiki ya Kinyozi Bado Inalia

Benchi la nje ya kibanda cha Kinyozi lina mguu mmoja mfupi, na asubuhi hiyo liliyumba mpaka Redio, kama wanavyomwita pale kijiweni, akajimwagia kahawa kwenye suruali. Mwenzake Jaji, asiyependa kuyumbishwa anapotoa hukumu, akaokota kipande kimoja kati ya vyuma vilivyotapakaa chini, akakisokomeza chini ya mguu ule. Benchi likatulia. Kinyozi hakuona. Alikuwa amepiga magoti mbele ya pikipiki yake kuukuu akibadilisha brekipedi za gurudumu la mbele, mkono ukipapasa vyuma nyuma yake, masikio yote yako benchini. Zile za zamani zilikwisha zikawa zinalia barabara nzima, na mkewe aliapa hapandi tena chombo kinachomtangaza kama mwizi. Leo alikubali kujaribu mara ya mwisho, wakamtembelee dada yake. Kinyozi alikuwa na hamu ya kuhisi tena ile mikono kiunoni mwake.

Akakaza nati, akazunguka mtaa, akarudi amenuna.

— Bado inalia! Na pedi mpya!

— Mpya gani? — Redio akadakia. — Siku hizi wanasaga vifuniko vya sufuria.

— Uongo, — akasema Jaji. — Pikipiki imezizoea zile kuukuu. Imesusa.

— Chuma kisuse, Jaji?

— Mbona mashine yako ya kunyolea inaning'ata mimi peke yangu?

— Ni jua hilo, — Redio akasema. — Diski imevimba. Uwe unapita kivulini tu.

— Au hamishia breki ya mbele nyuma, — akasema Jaji. — Kelele zote zitabaki huko.

— Nyuma si ndiko anakokaa mke wangu?



Mkewe akatokea na gauni lake la kijani, kofia ngumu kwapani. Kinyozi akajifuta mikono haraka kwenye suruali.

— Hamjambo, mashemeji?

— Hatujambo, shemeji! Karibu benchi.

Akainama kulipangusa vumbi, akabaki ameinama.

— Mume wangu, brekipedi mpya ulinunua ngapi?

— Mbili.

— Sasa mbona moja imeshikilia benchi?

Redio akachungulia kikombe chake. Kilikuwa kitupu. Jaji akasogeza mguu kukificha kile kipande, akachelewa.

Kinyozi akacheka mpaka machozi. Akafungua upya, akaitoa pedi kuukuu aliyoifunga bila kuangalia, akamrushia Jaji:

— Wekea benchi lako hiyo!

Akajaribu tena. Kimya. Mkewe akavaa kofia, akapanda, akamshika kiuno. Breki ilikuwa nzima, barabara tupu, lakini Kinyozi aliendesha polepole kuliko siku zote.