Mkono Wangu Ulionyima Watoto Maji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwelikweli! Mimi ni Mama Shija, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, na wote mnanijua kwa mdomo. Kuandika nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mvi tayari, kwa hiyo herufi zikilala upande mnisamehe. Ila jambo hili sikutaka mtu aniandikie.

Zamani, hapa kijijini kwetu Shinyanga, mtoto akiharisha aliletwa kwangu. Si kwa mwingine! Natazama utosi. Nikikuta umebonyea nasema, huu ndio ugonjwa wenyewe, utosi umeanguka. Naingiza kidole kinywani, nasukuma kaakaa juu, napaka dawa kichwani. Halafu natoa amri: asinywe maji, asinyonye, mpaka tumbo likauke. Niliona ni akili tupu. Mtungi unaovuja unauongezea maji ya nini? Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Waliopona waliniletea kuku. Waliokufa, nilisema Mungu amewapenda.

Hata binti yangu Minza, mdogo wake Shija. Alikuwa ameanza kusema. "Mayu, maji," aliniambia. Mama, maji. Nilimkumbatia kifuani nikamnyima. Ndugu zangu, nilimnyima kwa upendo wote! Nikamzika.

Basi ikaja ile miaka ya sukari kutoonekana dukani. Mwanangu Shija alikuwa Geita kwenye machimbo, akitafuta dhahabu, mkewe ameniachia mimi. Walikuwa na Kabula, yuko darasa la nne, na mdogo wake Maduhu, bado ananyonya. Masika, mto umejaa, kwenda zahanati hakuna. Maduhu akashikwa na tumbo. Siku ya pili macho yameingia ndani, analia bila machozi. Nikatazama utosi. Umebonyea! Nikafanya kazi yangu yote ninayoijua, nikamwambia mkwe wangu, "Mama Kabula, ziwa usimpe." Akaitikia, "Ndiyo, mayu," huku kanga yake mbele imelowa maziwa. Mkwe atasema nini mbele yangu?

Mchana nikapita nyuma ya kihenge. Namkuta nani? Kabula, mtoto amempakata, kikombe mkononi, anamnywesha kwa kijiko! Nikamzaba kofi, kikombe kikaruka.

"Unataka kuniulia mjukuu?"

Hakukimbia. Akasema, "Bibi nipige tu, lakini anywe. Mwalimu ametufundisha."

"Mwalimu yupi? Yule binti wa juzi? Hajazaa hata kuku, atanifundisha watoto?"

"Nisubiri, bibi. Usiondoke."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Kila mtoto darasani kwao alikuwa ametengeneza chake. Juu kimetobolewa tundu kubwa, chini tundu dogo limezibwa kwa gunzi. Akakijaza maji mpaka juu, akafunika tundu la juu kwa kitambaa kilicholowa, kikakaa kimetuna vizuri.

"Hiki ni kichwa cha Maduhu, bibi. Huu utosi wake. Sasa anaharisha." Akachomoa gunzi.

Maji yakatoka chini, chururu. Na kile kitambaa, ndugu zangu, kikaanza kushuka. Polepole. Kikabonyea mbele ya macho yangu, shimo lilelile ninalolijua kwa vidole vyangu tangu usichana! Hakuna aliyekigusa. Hakuna kilichoanguka. Maji yameisha, basi.

Kabula akarudisha gunzi, akaongeza maji, kitambaa kikapanda.

Nilikaa chini, kwenye tope. Nikamsikia Minza. Nikawasikia wote.

"Kabula," nikamwambia, "mwalimu amesema tumpe nini?"

"Maji yaliyochemka, chumvi na sukari."

"Sukari utaitoa wapi?"

"Amesema kama hakuna, uji mwepesi wenye chumvi kidogo. Na anyonye, asiachishwe. Uji uonje kwanza, bibi. Chumvi yake isizidi ya machozi."

Nikapika uji wa mtama mwembamba kama maji ya kuoshea mchele, nikauonja. Ndugu zangu, siku ile sikuhitaji kutafuta machozi ya kulinganisha! Nikamwita mkwe wangu aliyekuwa shambani, "Mama Kabula, njoo umnyonyeshe mwanao." Alitupa jembe akaja mbio, kwa hofu akaniuliza, "Mayu, amekufa?"

"Hajafa. Mimi ndiye mjinga. Mpe ziwa."

Mimi kijiko, yeye ziwa, kijiko, ziwa. Anatapika, tunasubiri kidogo, tunaanza tena. Niliomba. Sala yangu haikuwa na maneno mazuri. Nilisema, Bwana, huyu usimtwae kwa mkono wangu, mkono huu umetosha.

Jua lilikuwa bado halijashuka nilipohisi joto mapajani. Kanga imelowa. Maduhu amenikojolea! Mtoto aliyekuwa mkavu tangu jana! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna ugeni. Mkwe wangu analia, Kabula anacheka, mimi nimekaa na mkojo wangu sitaki hata kubadilisha nguo. Haleluya!

Mto ulipopungua tulimpeleka zahanati. Muuguzi akamtazama, akamtazama na Kabula, akasema, "Huyu dada yake ndiye aliyemponya." Nami nikasema amina, bila wivu. Shikamoo ya kwanza niliyompa mtu mdogo kuliko mimi nilimpa yule mwalimu. Alishtuka, "Bibi, unaniaibisha!" Nikamwambia itikia tu, mwanangu, unastahili. Akaitikia kwa sauti ndogo, "Marahaba," tukacheka wote wawili.

Leo Maduhu yuko darasa la kwanza, anapiga mpira kwa nguvu za fahali. Nikimtazama nafurahi, halafu nauma midomo. Maana Bwana aliniokoa nikiwa nimeshachelewa kwa wengine. Wako kina mama humu kanisani niliowakataza. Mlinitii, mkazika. Hamjanisema hata siku moja. Naweka kalamu chini nikiwaomba: nisameheni. Mkitaka kuja kunifokea, mlango uko wazi, nitawakaribisha kwa matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, na chai.

Na wewe mama ambaye mtoto wako ameanza kuharisha leo, usiogope, wala usinifiche. Mwamini Mungu aliyenihurumia mimi mwenye kiburi. Mnyonyeshe. Kisha nipigie kelele hapo uwanjani, hata kama napalilia. Nitakuja na sufuria na chumvi, na Kabula ataonja.

Wabeja, Yesu! Asante kwa kila kijiko.