Maombi Saba kwa Watu Wasio na Mkurugenzi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kuchapa la Mama Rogathe, Same mjini, upande ambao upepo hauleti vumbi moja kwa moja kwenye kikombe. Wa kudumu tupo wanne. Kuna Tumainieli, tunayemwita Waziri ingawa hajawahi kuongoza hata kikao cha harusi. Kuna Omari Fundi Redio, na Mbaraka muuza kahawa, anayetia tangawizi ya milimani mpaka unakohoa. Wa nne ni mimi, Karani, niliyekuwa ofisi ya shamba la mkonge mpaka likauzwa, tukapunguzwa kazi. Mama Rogathe, jina lake mwenyewe Devotha, alikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyo hiyo. Nasema mapema kwamba siku ile ya barua kalamu niliishika mimi, kwa hiyo lawama sizikimbii.

Mama Rogathe alitoka mlangoni akifuta macho kwa khanga.

— Jamani, nimefuta mtihani wa darasa la saba kwenye kompyuta. Nilitaka kuhifadhi, nikabonyeza kufuta! Yale maneno ya juu ya kuchagulia yamekuwa madogo mno, siyaoni. Zamani palikuwa na mahali pa kuyakuza. Yule fundi wa kompyuta, Daudi, alipoweka toleo jipya la programu ya kuchapia, mahali penyewe pakaondolewa.

— Pole, mama, nikasema.

— Mwalimu mkuu kasema nikiharibu tena, kazi ya shule anaipeleka Moshi. Na duka hili linaishi kwa kazi ya shule. Daudi anapita na basi saa nane. Hii programu ni ya bure, alisema ukitaka kibadilike kitu unawaandikia watengenezaji, naye atawatumia kwa mtandao. Niandikieni ombi, Karani. Mimi naanza mtihani upya.

Akarudi ndani. Nikafungua daftari.

— Tunamwandikia nani?

— Mkurugenzi, akasema Waziri. Kwani kuna barua isiyokwenda kwa Mkurugenzi?

— Hawana mkurugenzi, akasema Fundi Redio. Nilimuuliza Daudi. Ni watu tu, mmoja Ulaya, mwingine Brazili, wanaitengeneza kwa pamoja na kuigawa bure.

Waziri akaweka kikombe chini.

— Acha kutupiga kamba, Omari. Shamba limeuzwa. Kinu kimeuzwa. Choo cha stendi kina mwenyewe. Halafu kitu kizima namna hiyo hakina mwenyewe?

— Hakina.

— Basi huo ni ujamaa! Kumbe ulipotoka huku ulikwenda kujificha kwenye kompyuta.

— Mimi naona mtego, akasema Mbaraka. Wanakupa bure, ukishazoea wanakuuliza unapenda nini, ukishasema wanajua siri zako zote.

— Siri gani, wewe unauza kahawa?

— Si ndiyo hiyo hiyo. Wanataka kujua kipimo cha tangawizi.

Nikawaambia tuendelee, saa zinakwenda. Nikaandika "Kupitia kwa". Barua isiyo na kupitia haifiki, hilo nalijua kwa mateso. Mwaka themanini na tisa niliomba likizo bila kupitia kwa meneja, shamba likauzwa sijajibiwa. Sasa kupitia kwa nani? Waziri akasema kwake, Mwenyekiti wa Kijiwe. Hakuna aliyekumbuka kumchagua, ila nikaandika.

— Halafu, akasema Mwenyekiti mpya, huwezi kusumbua dunia nzima kwa shida moja. Watatuona watu wa mchezo. Ongeza.

— Niongeze nini?

— Ule mstari wenye vitufe uko chini ya skrini. Kwa nini chini? Mtumiaji apewe uhuru wa kuupandisha.

— Tena saa, akasema Fundi Redio. Kompyuta inasema saa mbili kumbe ni saa nane. Waweke pa kuchagua saa ya Kiswahili.

— Hilo la maana, nikasema, na kweli lilikuwa la maana.

— Na kitufe cha kuficha vitufe vyote, akasema Mbaraka. Mtu akija kuchungulia, asione kitu.

— Na cha kuvirudisha utakiona wapi?

— Hicho kiwe ombi la nne.

Hapo ndipo nilipopotea. La tano lilikuwa rangi ya kijani wakati wa mvua. La sita sauti ya kuonya kabla umeme haujakatika, na Fundi Redio aliapa kwamba inawezekana. La saba lilikuwa langu mwenyewe, sitalisema. Waziri akatia saini kubwa kuliko barua.

Akaja mgeni, Clemence, mkulima kutoka Ngujini, kuchapisha kadi za kipaimara cha binti yake.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Kaa, usome barua inayokwenda Ulaya.

Akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Akageuza nyuma, akarudi mbele.

— Samahani wazee. Hii mnamwombea nani?

— Mama Rogathe, nikasema. Haoni yale maneno madogo, kazi itamponyoka.

— Pole yake. Sasa la kwake ni namba ngapi?

Nikaichukua karatasi. Moja, mstari. Mbili, saa. Nikashuka mpaka saba. Waziri akasema labda limo ndani ya la nne. Fundi Redio akatazama milimani. Mbaraka akatikisa birika, halikutoa hata tone. Niliona aibu, aibu hasa, maana mama yule nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa.

Basi likapiga honi. Mama Rogathe akatoka.

— Tayari, Karani?

Nikampa. Akaisogeza puani, akairudisha mbali, akaisogeza tena. Mwandiko wangu ni mdogo, wa kikarani. Hakuweza kuusoma, wala hakuuliza umesema nini. Akaomba kalamu, akageuza karatasi upande mweupe, akaandika herufi alizoweza kuziona mwenyewe, nazo zikajaza ukurasa wote:

NAOMBA MANENO YAWE MAKUBWA. SIONI. DEVOTHA, SAME.

Akavuka barabara kumpelekea Daudi.

— Haina hata kupitia kwa nani, akasema Waziri. Haitafika hiyo.

Nikamwambia anyamaze.